Meli Hulindwa Kabla ya Kung'oa Nanga

Hotuba kwa wanafunzi wa ubaharia na wazazi wao, Mombasa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Waheshimiwa walimu, wazazi mliofika, mabaharia wenzangu ninaowaona pale nyuma, na ninyi vijana ambao karibuni mtashika vitabu vyenu vya ubaharia, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie namna meli ya biashara inavyoweza kujikinga na maharamia. Najua wapo wanaoona kwamba hadithi hii imeshapita. Mwaka 2011 shirika la IMB, ambalo hukusanya taarifa za uhalifu wa baharini, lilihesabu mashambulizi 237 ya maharamia wa Kisomali. Mwaka uliofuata yakashuka hadi 75, na mwaka 2013 yakabaki 15. Watu wakapumua. Tarehe 1 Januari 2023 vyama vya wenye meli vikaiondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa. Mwaka haukuisha. Desemba ile ile ikatekwa MV Ruen. Machi 2024 ikafuata MV Abdullah ya Bangladesh, iliyokuwa imepakia makaa ya mawe Maputo kuyapeleka Umoja wa Falme za Kiarabu, na mabaharia wake 23 wakakaa mateka mwezi mzima. Njia ya kutoka Maputo kupanda juu inapita mbele ya pwani yetu hii. Kisha Novemba 2025 zamu ikawa ya Hellas Aphrodite, meli ya mafuta iliyokuwa ikitoka India kwenda Durban.

Kwa hiyo siwasimulii historia. Nasema na watu watakaopita huko.

Mtasikia mengi kuhusu silaha, manowari na makomando. Yote hayo nitayagusa. Lakini ninaloliamini, na ndilo lililonileta hapa, ni kwamba haramia hushindwa na muda. Akiwa juu ya maji ndani ya boti yake ndogo, ana dakika chache za kufanya alilokusudia kabla petroli haijampungukia, kabla mikono haijachoka, kabla meli nyingine haijasikia. Kila kinga tutakayoitaja leo, iwe mwendo, seng'enge au mlango wa chuma, kazi yake ni kuongeza dakika hizo. Na dakika hizo hazipatikani baharini. Hupatikana bandarini, meli ikiwa bado imefungwa kamba, mwenye meli akiamua kutoa pesa na nahodha akiamua kufanyisha watu wake mazoezi.

Chukueni karatasi tufanye hesabu. Tuseme boti ya maharamia yenye mashine mbili inakimbia maili 25 za baharini kwa saa. Meli yenu imeshiba mzigo, inakwenda pole kuokoa mafuta, maili 14 kwa saa. Boti ikiifukuza meli kutoka nyuma, inapunguza umbali kwa maili 11 kila saa. Mwangalizi akiiona ikiwa maili 4 nyuma, mna dakika kama 22. Akiiona ikiwa maili 1, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye simu, mna dakika tano na nusu. Sasa ongezeni mwendo ufike 18. Zile maili 4 zinawapa dakika 34. Meli ni ile ile na boti ni ile ile, ila nahodha amepata nafasi ya kupiga king'ora, kuhesabu watu, kupiga simu na kufunga milango.

Ndiyo maana miongozo ya usalama ya wenye meli, ile inayoitwa BMP, katika toleo lake la nne la mwaka 2011 iliandika kwamba hapakuwa na taarifa ya maharamia waliofanikiwa kupanda meli inayokimbia zaidi ya maili 18 kwa saa. Mwendo ni kinga ya kwanza, na ni kinga ya gharama. Tangu mwaka 2008 kampuni nyingi za meli zilipunguza mwendo makusudi, maana mafuta ni pesa. Mkisikia nahodha ameandikiwa na ofisi asizidishe mwendo katika maji yenye taarifa za maharamia, jueni kuna mtu ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, mbali na bahari, anayeokoa tani za mafuta kwa dakika zenu.

Nirudi kwa huyu mwangalizi, kwa sababu watu humdharau. Rada haioni kila kitu. Boti ndogo ya fibaglasi kwenye mawimbi inaweza kupotea kabisa kwenye kioo cha rada, ikaonekana ikiwa imeshakaribia. Jicho la binadamu lenye darubini, lililolala vizuri usiku uliopita, ndilo linaloona kwamba lile jahazi limeburuta boti mbili nyuma na halina wavu majini. Katika maji ya hatari, ongezeni watu kwenye zamu na fupisheni zamu zenyewe, maana baada ya muda macho yanaangalia na hayaoni. Wekeni mtu nyuma, kwenye tezi, siyo kwenye briji, chumba cha kuongozea meli, peke yake. Wengi wetu tumefundishwa kutazama mbele tunakokwenda, naye haramia anakuja kutoka nyuma na pembeni, jua likiwa linatoka au linazama.

Nimetaja jahazi. Maharamia wa huku hawatoki ufukweni na boti ndogo wakafika maili mia kadhaa. Huteka kwanza jahazi au chombo cha uvuvi, cha Yemen, Iran, India au Pakistan, wakakifanya mama wa boti zao. Watu wa kwanza kuonja shari ni wavuvi na manahodha wa vyombo vidogo, ambao magazeti hayawaandiki. Meli yenye dawa na maji ya kutosha, ikikuta jahazi limeachwa likielea na watu wake, iwakumbuke hawa.

Na wazee wenu wanajua misimu. Kusi likishika, miezi ya Juni, Julai na Agosti, bahari ya Somalia inachafuka kiasi kwamba boti ndogo haifai kitu. Mashambulizi hupungua. Kaskazi likivuma kwa nguvu nako kuna afueni. Hatari hupanda wakati wa tanga mbili, pepo zinapopokezana na bahari ikalala. Angalieni tarehe za meli zilizotekwa: Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudia, ilichukuliwa Novemba 2008 maili zaidi ya 400 kusini mashariki ya Mombasa. Maersk Alabama ilivamiwa Aprili. Abdullah ilikuwa Machi. Hellas Aphrodite ilikuwa Novemba. Ofisa anayepanga safari bila kutazama upepo wa mwezi huo ameacha nyumbani elimu ambayo babu yake alikuwa nayo bila kwenda chuo.

Sasa tushuke kwenye ubavu wa meli. Maharamia wanapofika hutumia ngazi nyepesi yenye kulabu juu. Kulabu inahitaji kitu cha kushika: reli, ukingo wa deki, bomba. Meli iliyopakia sana na kukaa chini majini inawarahisishia kazi. Iliyo tupu, yenye ubavu wa mita 8 na zaidi juu ya maji, inawatesa. Kwa hiyo kazi ni kuinyima ile kulabu mahali pa kushika, na ikishika, kumnyima mpandaji mahali pa kuweka mkono.

Hapo ndipo inapokuja seng'enge ya wembe. Ifungwe nje ya reli, siyo juu yake wala ndani yake, ikining'inia upande wa maji, ili ngazi isiifikie reli kirahisi. Mizunguko iwe miwili, mmoja juu ya mwingine, na ifungwe kwa waya wa chuma kwenye meli yenyewe, kwa sababu maharamia huivuta kwa kulabu ikafunguka yote kama haikukazwa. Niliwahi kufanya kazi kwenye meli, mwenyewe simtaji, iliyoletewa seng'enge ya kuzungushia tezi peke yake. Pande mbili za katikati, ambako meli ilikuwa chini kabisa, zikabaki wazi. Glavu za ngozi hazikuja. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa deki, na vijana wake waliifunga ile seng'enge kwa glavu za pamba za kazi, na walipomaliza viganja vyao vilikuwa vimechanika, siku hiyo hawakuweza kushika kijiko. Nayo ripoti iliyokwenda ofisini ilisema meli imewekewa seng'enge. Haikusema uongo. Lakini haramia hasomi ripoti, anatafuta mahali palipo wazi. Mkipanda meli, zungukeni deki nzima kwa miguu na mtazame kwa macho ya mtu anayetaka kuingia.

Mipira ya maji ya zimamoto nayo inasaidia, ikifungwa kwenye reli na maji yakimwagwa kuelekea nje kwa presha. Boti ndogo haiwezi kukaa chini ya maji hayo muda mrefu, inajaa. Lakini ifungeni mapema na kuiacha ikimwaga bila mtu kuishika. Usimpeleke kijana wa watu akashike mpira wa maji kwenye reli huku chini kuna mwenye AK-47. Vivyo hivyo kurusha chupa na vyuma: mnayasikia katika masimulizi ya mabaharia, na wapo waliofanikiwa, lakini mtu aliyeko kwenye reli ni mtu anayeweza kupigwa risasi, na tena ni mtu mmoja zaidi atakayekosekana pale milango ya ngome, chumba cha kujifungia, itakapofungwa.

Usukani je? Pindeni kidogo kushoto, kidogo kulia, mkiwa katika mwendo wote, mkondo wa nyuma na mawimbi ya ubavuni yavurugike, ngazi isipate kusimama. Msipinde sana, maana kila mkato mkubwa unakula mwendo. Fanyeni zoezi hili kabla, bahari ikiwa salama, mjue meli yenu inajibu vipi. Kila meli ina tabia yake.

Nataka tukae kidogo kwenye Maersk Alabama, kwa sababu ilikuwa ikija hapa hapa Mombasa, na ndani yake mlikuwa na chakula cha msaada. Tarehe 8 Aprili 2009 vijana wanne wenye bunduki waliipanda. Mabaharia 20 wa Kimarekani, hakuna hata bunduki moja. Walikuwa wameshafanya mazoezi ya tukio hilo, na wengi wao wakakimbilia chumba cha mtambo wa usukani kule chini, wakajifungia. Mainjinia wakachukua udhibiti wa mashine kutoka huko chini, wakakata umeme wote. Kwenye briji maharamia walikuwa wameshika meli isiyowatii: vitufe havijibu, taa hazipo, mashine imekufa. Boti yao waliyokuja nayo ikaishia majini. Mkuu wao akateremka gizani kutafuta watu, kwenye joto la chumba cha mashine lililopanda baada ya feni kuzimika, na injinia mkuu akamvizia akamkamata.

Basi meli haikutekwa. Wanne wale hawakuweza kuipeleka Somalia. Lakini nahodha, Richard Phillips, alikuwa juu pamoja na wachache wengine, siyo ndani, na maharamia wakaondoka naye kwenye boti ya kuokolea maisha. Ikachukua hadi tarehe 12 Aprili, manowari za Marekani zikiwa zimewazunguka, wadunguaji wa jeshi la majini walipowaua watatu na nahodha akatoka salama. Yule wa nne alipelekwa New York na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 33.

Tazameni mgawanyo wake. Kila aliyefika kwenye ngome alikuwa na nguvu juu ya maharamia. Aliyebaki nje akawa bei. Siwalaumu, nahodha ana majukumu yake briji hadi dakika ya mwisho, na pale dakika zilikuwa hazitoshi. Ndiyo hesabu yetu ya karatasi hiyo.

Meli hiyo hiyo ilishambuliwa tena tarehe 18 Novemba mwaka ule ule. Safari hii ilikuwa na walinzi wenye silaha. Maharamia walipofyatua, walinzi wakajibu, na boti ikageuza.

Ngome, basi. Hiki ni chumba ndani ya meli, mara nyingi chumba cha mashine au cha mtambo wa usukani, ambamo mabaharia wote hujifungia maharamia wakishapanda. Wanajeshi wa majini waliweka masharti matatu, nami nawaomba myakariri kama mnavyokariri sheria za kuepuka kugongana. Kwanza, watu wote wawe ndani, asikosekane hata mmoja. Pili, muwe na mawasiliano ya kwenda na kurudi yasiyotegemea briji. Tatu, maharamia wasiweze kuiendesha meli. Likipungua moja, hakuna kamanda atakayetuma watu wake kuivamia meli, kwa sababu hajui risasi zake zitampata nani.

Meli ya Kiitalia ya Montecristo ilionyesha jambo hili Oktoba 2011. Mabaharia 23 walikuwa salama ndani, manowari za Uingereza na Marekani ziko nje, na walio nje hawana hakika. Wale mabaharia wakatupa chupa yenye ujumbe kupitia dirisha la duara: sote tumo ndani. Askari wakapanda, maharamia 11 wakasalimu amri, na hakuna aliyeumia. Ninafurahi kila nikisimulia kisa hiki, lakini simtaki mwanafunzi wangu ategemee chupa. Nataka awe na simu ya setilaiti ndani ya ngome, antena yake imefichwa mahali ambapo mtu wa deki hawezi kuikata kwa panga, betri imejaa, na namba zimeandikwa ukutani kwa rangi.

Nendeni mkaingie kwenye ngome ya meli yenu siku ya kwanza. Fungeni mlango. Kaeni mle saa mbili, watu wote, feni zimezimwa. Ndipo mtajua maji ya kunywa ni machache, ndoo ya choo haina mfuniko, mpishi ana dawa za presha ambazo ziko kabatini kwake ghorofa tatu juu, taa ya dharura inawaka dakika chache tu, na komeo la mlango linafungwa kutoka nje. Haya ndiyo mambo yanayowatoa watu ngomeni, kabla hata haramia hajaanza kukata chuma.

Nao hukata. Januari 2011, kaskazini ya Ushelisheli, mabaharia wa Beluga Nomination walijifungia vizuri, lakini hapakuwa na manowari karibu. Maharamia wakapata muda, siku mbili hivi, wakatoboa na kuingia, na mabaharia kadhaa walipoteza maisha katika tukio lile. Mwaka 2021 upande wa Afrika Magharibi, kwenye Ghuba ya Guinea, maharamia waliivunja ngome ya meli ya makasha iitwayo Mozart baada ya saa kadhaa, wakamuua injinia mmoja na kuondoka na watu 15. Ngome inanunua muda, na mwisho wa muda huo lazima awepo mtu anayekuja. Kwa hiyo simu ya kwanza isipigwe mkiwa ndani ya ngome. Ipigwe boti inapoonekana. Kabla ya hapo, meli iwe imejiandikisha na UKMTO, kituo cha Uingereza kinachopokea taarifa za meli za biashara, na inatoa taarifa ya mahali ilipo kila siku. Januari 2024 mabaharia 21 wa Lila Norfolk walitoa taarifa, wakajifungia. Jeshi la majini la India likafika, na makomando walipopekua meli maharamia walikuwa wameshakimbia. Hellas Aphrodite, niliyoitaja mwanzo, mabaharia wake 24 walikaa ngomeni hadi siku ya pili, manowari ya Hispania ilipofika. Wote salama.

Sasa bunduki. Najua vijana wengi mnalisubiri hili.

Katika miaka ile ya kilele, hakuna meli yenye walinzi wenye silaha iliyotekwa na maharamia wa Kisomali. Ni ukweli na siwezi kuukwepa. Mwanzoni nchi nyingi na kampuni nyingi zilipinga, zikihofia vita kuwa vikali zaidi; baadaye zikakubali. Mimi nakubali pia: meli ya pole, iliyokaa chini majini, ikipita karibu na Somalia wakati wa tanga mbili, iwe na walinzi. Lakini silaha hiyo ishikwe na mlinzi aliyefunzwa kwa kazi hiyo, asiwe baharia. Na kabla ya kumpandisha mlinzi, nahodha awe na maandishi mkononi: nani anaamuru, onyo linatolewaje, risasi ya kwanza inakwenda wapi. Itangulie taa, king'ora, kuonyesha bunduki juu, kisha risasi ya onyo majini mbali na chombo.

Nasisitiza kwa sababu mimi ni mtu wa pwani na ndugu zangu ni wavuvi. Tarehe 15 Februari 2012, karibu na Kerala, askari wa Kiitalia waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta Enrica Lexie waliwaua wavuvi wawili wa Kihindi, wakiwadhania maharamia. Kesi ile ilizikosanisha India na Italia miaka mingi, ikafika hadi kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, ambalo uamuzi wake ulitoka mwaka 2020. Wale wawili walikuwa wamekwenda kutafuta riziki. Mvuvi huisogelea meli kwa kasi kwa sababu nyavu zake ziko mbele yenu na mnakaribia kuzikata. Kule Yemen mvuvi anaweza kuwa na bunduki ya kujilindia, kwa sababu na yeye anawaogopa maharamia. Tofauti ipo, na mwangalizi mzuri huiona: kuna nyavu, ndoo na samaki, au kuna ngazi? Ngazi ndefu kwenye boti ndogo katikati ya bahari haina kazi nyingine. Mkiwa na zile dakika 22, mnao wasaa wa kutazama. Mkiwa na tano, mtu mwenye hofu anafyatua.

Makombora na ndege za Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, kwenye Bahari ya Shamu ni mlango mwingine. Seng'enge haizuii kombora, na meli ya Galaxy Leader ilitekwa Novemba 2023 na watu walioshushwa juu yake kwa helikopta. Kinga ya pale ni kuchagua njia, na uamuzi huo ni wa mwenye meli na serikali. Lenu ni haki ya kuambiwa mapema mnapelekwa wapi, na kukataa.

Ikiwa yote yameshindikana na bunduki iko usoni mwako ndani ya meli, usipigane. Mikono ionekane. Usimtazame kwa dharau, usimpige picha, usijifanye shujaa. Mara nyingi wanachotaka ni pesa, na wewe uliye hai una thamani kwao. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa kati ya 2005 na 2012 meli 179 zilitekwa huku kwetu na kikomboleo cha dola milioni 339 hadi 413 kililipwa. Lakini pesa hizo zililipwa na wenye meli wenye bima na wenye jina. Mwaka 2005 meli ya MV Semlow ya hapa Mombasa, yenye mabaharia wengi wao Wakenya, ikipeleka mchele wa Shirika la Chakula Duniani kwa Wasomali walioathirika na tsunami, ilishikwa kiasi cha miezi mitatu. MV Iceberg 1 ilitekwa Machi 2010 na watu wake hawakutoka hadi Desemba 2012. Chombo cha uvuvi Naham 3 kilitekwa Machi 2012, na mabaharia 26 walionusurika waliachiwa Oktoba 2016. Miaka minne na nusu. Chombo chenyewe kilikuwa kimeshazama siku nyingi.

Hao walikuwa watu kama ninyi, waliopanda chombo cha mtu asiyekuwa na uwezo au asiyekuwa na nia ya kuwarudisha. Kwa hiyo kabla hujasaini, uliza. Meli ina bima ya utekaji? Itapita wapi, na mwezi gani? Seng'enge ipo, kiasi gani? Ngome iko wapi? Wakala wa ajira akikunja uso kwa maswali haya, hiyo nayo ni taarifa. Najua kazi ni chache, na najua shinikizo la nyumbani. Bado nasema uliza.

Na kuna jambo ambalo mabaharia wengi wa huku hawajaambiwa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za ubaharia, MLC, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, ulirekebishwa mwaka 2018, na marekebisho yakaanza kutumika tarehe 26 Desemba 2020. Yanasema baharia akishikwa na maharamia, mkataba wake wa kazi unaendelea hata kama tarehe yake imekwisha, na mshahara wake unaendelea kulipwa, pamoja na ile sehemu anayoitumia familia, hadi aachiwe na kurudishwa kwao. Zamani kampuni nyingine zilisimamisha mshahara siku mkataba ulipoisha, mtu akiwa bado amefungwa kwenye ufuko wa Somalia na watoto wake wakifukuzwa shule kwa karo.

Wazazi, haki hiyo mtaidai ninyi, kwa sababu yeye atakuwa hana simu. Mtoto akipata meli, asiondoke nyumbani kabla hajawaachia nakala ya mkataba wenye sahihi na muhuri, jina la meli na namba yake ya IMO, yaani namba ya kuitambulisha meli, bendera iliyosajiliwa, jina la mwenye meli na la wakala, na simu zao. Pigeni simu ya wakala mbele yake mhakikishe inapokelewa. Kama haipokelewi siku hiyo ambayo mambo ni mazuri, mzuieni asipande.